Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msaidizi Binafsi Kazini

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada, vikao na hesabu yamo katika taarifa za katibu na mhazini, sitayarudia. Mimi nitabaki na suala lililoichukulia kamati muda mwingi kuliko mengine yote: msaidizi binafsi mahali pa kazi, yaani mtu anayemsaidia mfanyakazi mwenye ulemavu kuvaa, kula na kwenda msalani.

Waajiri tuliozungumza nao wanaelewa upesi habari za njia ya mteremko, kompyuta inayosoma kwa sauti au mkalimani wa lugha ya alama. Tukifika kwenye chakula cha mchana na msalani, macho yanashuka mezani. "Si wenzake watamsaidia?" Watamsaidia, naam, wiki ya kwanza. Kisha huyu ana kikao, yule yuko likizo, na mhusika anaanza kujipangia mwenyewe: chai ya asubuhi haigusi, maji hanywi mpaka arudi nyumbani, ili asimsumbue mtu. Wapo miongoni mwetu walioishi hivyo kwa miaka. Mwili ukinyimwa maji namna hiyo, maambukizi ya njia ya mkojo hayako mbali, na kwenye daftari la mahudhurio ugonjwa huo unasomeka kama utoro.

Msaidizi hafanyi kazi ya mwajiriwa. Mhasibu anafunga hesabu zake mwenyewe. Msaidizi anamvua koti, anamlisha, anamhamisha kutoka kiti mwendo. Na anayemwelekeza ni huyo mhasibu, si mkuu wa idara. Hapa ndipo penye ubishi. Ofisi moja ilimpokea msaidizi kwa mikono miwili, halafu ikamfanya tarishi: saa ya chakula anatafutwa, kumbe yuko benki kwenye foleni.

Hoja zetu hazikutoka hewani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, unautaja msaada binafsi katika ibara ya 19, na ibara ya 27 inadai marekebisho ya kufaa kazini. Marekani, tangu Januari 2018, taasisi za serikali kuu zinalazimika kuwapa huduma hii wafanyakazi wenye ulemavu mkubwa, na kanuni inataja waziwazi kuvaa, kula na kwenda msalani. Uingereza ina mpango wa Access to Work, ulioanza 1994, ambao huchangia malipo ya msaidizi kwa fedha za umma. Kwa maoni yangu huo ndio mfano wa kuushikilia, kwa sababu mwajiri mdogo akiachiwa mzigo wote ataajiri mtu mwingine, tena bila kusema kwa nini.

Kanuni ya Marekani inaruhusu msaidizi mmoja kuhudumia zaidi ya mtu mmoja. Kamati iligawanyika. Gharama inapungua, kweli, ila haja haisubiri zamu.

Rasimu ya makubaliano ya mwajiri, mwajiriwa na msaidizi italetwa mkutano mkuu. Imeeleza nani analipa, nani anaelekeza na siri zinatunzwaje. Kifungu cha nani ashike nafasi msaidizi akiugua bado kina mapengo. Mliowahi kukwama siku kama hiyo, mpelekeeni katibu mapendekezo yenu kabla ya mkutano.