Barua kwa Mwanaidi, kuhusu korongo la Zambezi

Kigamboni, Dar es Salaam
8 Desemba 2024

Mwanaidi shoga yangu,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye joto. Viazi nimevifuata stendi ya Mbezi, vimefika vizima, na mama kashavigawa kwa majirani kabla sijaonja hata kimoja. Barua yako imenichekesha. Ukurasa wa kwanza unauliza kama nilirogwa kushuka mto Zambezi kwa kayaki, vile vimtumbwi vya mtu mmoja, ukurasa wa pili unasema Oktoba ijayo nawe unakuja tushuke pamoja. Nitakujibu hilo la pili, maana la kwanza shemeji keshanipigia simu kuniuliza mwenyewe.

Kwanza zifute kichwani zile picha nilizokutumia. Picha inaonyesha povu na meno yangu. Haionyeshi kuta. Korongo la Batoka, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, linaanzia pale Maporomoko ya Victoria yanapoishia: mto uliotanda mita 1,708 unadondoka mita 108, halafu wote unabanwa kwenye ufa mmoja wa mwamba mweusi wa volkano. Kuanzia hapo maji yanakwenda zigizaga. Kiongozi wetu, Mtonga wa palepale, alitueleza kwamba maporomoko yamekuwa yakirudi nyuma taratibu kwa makumi ya maelfu ya miaka, yakifuata nyufa za mwamba, na zile kona za mwanzo tunazopita kila moja iliwahi kuwa ukingo ambao mto mzima ulidondokea. Kadiri unavyoshuka kuta zinapanda, sehemu nyingine zaidi ya mita 200, na juu unabaki na kipande chembamba cha mbingu. Simu haishiki. Huko hakuna kusema "konda, shusha hapa". Ukishaingia, mlango wa kutokea ni ule ambao mto umeuweka, na mwingine uko mbali sana.

Siku ya kwanza bado kuna watu. Sehemu za maji makali zimepewa namba, moja hadi ishirini na tano, tangu wale Wamarekani wa kampuni ya Sobek waliposhuka na maboti ya mpira mwaka 1981, na ukiwa humo utasikia helikopta za watalii juu na kelele za watalii wenzako chini. Baada ya ishirini na tano wote wanapanda juu kurudi hotelini. Sisi tukaendelea, boti moja la mpira lililobeba chakula na mahema, na kayaki chache kando yake. Kimya kilichofuata nilikisikia hadi kwenye meno. Tukawa tunalala kwenye mchanga, tunapika sima yao na samaki wadogo wakavu, na mtu akitaka kujisaidia anakwenda na mwenzake kwa sababu ya mamba.

Sasa kuhusu maji yenyewe. Wewe unanijua, miaka yote hii ninaongoza wageni kwenye kayaki za baharini hapa Kigamboni, najiona mjuzi. Ujuzi wangu wa bahari kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu, haukunifaa kitu. Baharini wimbi linasafiri, maji yenyewe yanapanda na kushuka palepale. Mtoni kinyume: wimbi limesimama kutwa kucha mahali pamoja, na maji ndiyo yanayopita ndani yake. Kwa hiyo huwezi kulisubiri wimbi lipite. Lipo, na wewe ndiye unayepelekwa.

Ndiyo maana wanakufundisha kusoma. Ukiona ulimi laini wa maji umechora V, ncha yake ikielekea chini mtoni, hapo ndipo njia. Ncha ikikutazama wewe, kuna mwamba umejificha. Nyuma ya kila mwamba mkubwa kuna maji yanayorudi kinyume, kama vile yamesahau kitu huko juu, na hayo ndiyo kituo chako: unaingia, unageuza kayaki, unapumua, unatazama kinachofuata. Ukivuka mpaka wa maji hayo bila kuinamisha kayaki upande unaotakiwa, mkondo unakupindua papo hapo. Na kuna yale mashimo, pale maji yanapodondoka juu ya mwamba halafu yanajikunja kurudi yalikotoka. Povu lake zuri sana kwa picha. Likikushika linakuzungusha hadi lichoke lenyewe.

Ulitaka kujua nilipinduka mara ngapi. Sikuhesabu, shoga. Kupinduka ndiyo kazi yenyewe. Kayaki ya mtoni ni fupi, ya plastiki ngumu, umekaa ndani yake hadi kiunoni na sketi ya mpira imefunga tundu maji yasiingie. Ukigeuka kichwa chini hutoki. Unatulia, unasubiri maji yapunguze hasira, unapeleka kafi pembeni juu ya uso wa maji, halafu unaipindua kayaki kwa kiuno na goti. Kichwa ndicho cha mwisho kutoka. Wanaume wote niliokuwa nao walihangaika na hilo, wanavuta kwa mikono, wanatoa kichwa kwanza kutafuta hewa, wanarudi chini. Mwalimu akashangaa mimi nimejulia wapi. Ningemwambia nini, mtu mzima yule? Kungwi wangu angecheka hadi machozi.

Lakini kitu kilichonifanya nikubali kurudi si kupinduka wala kuinuka. Ni kutembea. Karibu nusu ya safari hatukuwa majini. Kabla ya kila sehemu kubwa kiongozi alitupeleka pembeni, tukapanda miamba inayounguza nyayo, tukasimama juu tukitazama maji muda mrefu, kila mmoja akisema atapita wapi na akikosea ataogelea kuelekea wapi. Nani atashika kamba ya kuokolea, nani atasimama chini. Kafi likiinuliwa wima, njoo. Likilazwa, subiri. Halafu, na hili ndilo nililolipenda, mtu yeyote alikuwa huru kusema "mimi nabeba", akaweka kayaki begani akazunguka kwa miguu, na hakuna aliyemcheka. Namba tisa hata watalii hawapitishwi ndani ya boti, wote hushuka wakatembea. Huko chini kabisa kuna maporomoko ya Moemba, hapo mjadala haukuwepo, tulibeba kila kitu hadi vikombe. Hapa mjini mtu akisita anaitwa mwoga. Kule aliyetutia wasiwasi alikuwa kijana mmoja ambaye hakuwa akitaka kukagua.

Mamba nao nisikufiche. Sehemu za juu ni wadogo, ukishuka wanakua. Hawakai kwenye povu, wanakaa kwenye maji yaliyotulia, yaani pale mwili wako unapotaka kulegea na kuning'iniza mkono. Kiongozi wetu alitukumbusha habari za Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyeongoza msafara ulioshuka Nile Nyeupe yote hadi Mediterania mwaka 2004. Desemba 2010 alikuwa kwenye mto Lukuga kule Kongo, huo unaotoa maji ziwa letu Tanganyika, mamba akamchomoa kwenye kayaki. Alikuwa na wenzake wawili wazoefu karibu yake. Tangu tusimuliwe hayo, kwenye maji tulivu tulipiga kafi tukiwa tumebanana, na hakuna aliyelazimishwa.

Halafu kuna kupanda. Njia za kutoka korongoni ni ngazi za miti na mawe, jua la Oktoba linachoma, na wale vijana wa vijiji vya juu wanakupita wamebeba kayaki mbili, wengine na kandambili miguuni. Mimi nikiwa na kafi tu nilisimama kila hatua kumi. Nikawakumbuka Susi na Chuma na wenzao waliobeba mwili wa Livingstone kutoka huko huko Zambia hadi Bagamoyo, wakafika 1874, na mji ulio pembeni ya korongo hilo unaitwa kwa jina la aliyebebwa. Vijana hawa baadhi yao nao wanaendesha kayaki, na kama kuna mtu anayeujua mto ule ni wao, si mimi na picha zangu.

Sasa jambo ambalo sikutegemea kuliwaza nikiwa kule. Mwaka huu Zambia ina ukame mkali, serikali ilitangaza janga la kitaifa mwezi wa pili, na Kariba, bwawa linalowapa umeme, likapungua maji hadi mitambo mingi ikasimama. Livingstone tulikaa gizani, wenye maduka wanachajisha simu za watu kwa sola. Na kuna mpango wa siku nyingi wa Zambia na Zimbabwe kujenga bwawa humo humo Batoka, ukuta wa mita 181, megawati 2,400. Likijengwa, karibu yote niliyokuandikia yatakuwa chini ya ziwa. Wenzangu wa kayaki waliniangalia wakitegemea nilie nao. Wengine walishalia Jinja, Uganda, kwenye mto Nile, wimbi hadi wimbi: maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na bwawa 2011, bwawa la Isimba likafuata 2019.

Mimi ni mtu wa Dar. Mgao wa mwisho wa mwaka jana nilikuwepo, jirani yangu muuza samaki akitupa mzigo kila jioni, na unakumbuka jinsi mambo yalivyoanza kupoa Februari mitambo ya Bwawa la Nyerere ilipowashwa. Bwawa lile limekaa juu ya korongo letu wenyewe, la Stiegler, pale Rufiji, lililopewa jina la Mzungu aliyeuawa na tembo 1907. Mto unapita kusini mwetu hapo tu, shoga, na korongo lile mimi na wewe tulilijua kwa kuchora ramani ya jiografia. Taa nazitaka, sitasema uongo. Ila Watonga walishahamishwa mara moja, watu wapatao 57,000, Kariba ilipojengwa, na mafuriko ya 1957 na 1958 yalipobomoa kazi ya wahandisi wazee wakasema ni Nyaminyami, yule mwenye kichwa cha samaki na mwili wa nyoka, anatafuta njia ya kwake. Kiongozi wetu anamvaa shingoni, kachongwa kwa mti. Nilimuuliza anataka bwawa au hataki. Akasema anataka umeme na anataka kazi, na kazi yake ni mto. Basi, akaendelea kufunga mizigo.

Ndiyo maana nasema njoo, na njoo mapema. Ila si moja kwa moja Zambezi. Anza kuogelea huko huko Mbeya, hoteli yoyote yenye bwawa, hadi uweze kukaa chini ya maji bila kupapatika. Likizo ya Pasaka uje Kigamboni, nitakufundisha kugeuka na kuinuka kwenye maji ya kifuani. Juni twende Sagana, Kenya, kwenye mto Tana, wana shule nzuri na maji ya kujifunzia. Kule ndiko utajua kama moyo wako unataka au ni picha tu. Ukidondoka mtoni, lala chali, miguu mbele, na usijaribu kusimama hata maji yakiwa ya magotini, kwa sababu mguu ukibanwa kati ya mawe mkondo utakulaza kifudifudi.

Tuondoke Oktoba mwanzoni, maji yakiwa chini. Kuanzia Februari mto unajaa, Aprili ndiyo kilele, na maji yakizidi hawashushi watu. Pasipoti iwe hai na kadi ya homa ya manjano usiisahau, Tunduma wanaweza kuiuliza. Jaketi okozi na helmeti usinunue, nitakuazima vyangu vya zamani. Viatu nunua, vya kamba, visivyochomoka mguuni.

Nijibu kabla ya Februari kuisha, maana kayaki za kukodi huwahiwa, na nitajie kilo zako za kweli, si zile za kwenye harusi ya Salma, kwa sababu ukubwa wa kayaki unategemea hizo. Shemeji mwambie nitampigia mwenyewe Jumapili. Na kama kondakta yule yule anashuka tena, weka na parachichi.

Wako,
Rehema