Kwa vijana wenye kamera: mjue kisichowangoja

Wanangu,

Nimekaa na picha zenu siku tatu. Mlizonikabidhi ni elfu moja na ushei, nami nimezitazama zote, nyingine mara mbili. Mlitaka niwachagulie zilizo nzuri. Nitachagua. Lakini kwanza niseme lililonikera, maana nikilinyamazia nitakuwa nimewadanganya.

Harusi, mechi ya mpira, mlima alfajiri, mtoto mchanga: vyote mmevipiga kwa namna moja. Tundu la lenzi limefunguliwa hadi mwisho, f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), nyuma kumefifia kama moshi, rangi zimekolezwa mpaka macho yanauma. Huyo ni fundi cherehani mwenye kipimo kimoja cha suruali. Mlima nao umefifishwa! Mtu kapanda usiku kucha ili afike pale, halafu kitu pekee kinachoonekana sawasawa pichani ni jani moja la mbele. Najua picha za namna hiyo husifiwa sana huko mnakoziweka. Mgema akisifiwa, wenyewe mnajua anachofanya.

Mimi nilianza na filamu, mkanda mmoja picha 36, na kila ulipobonyeza ulisikia fedha inakutoka. Umaskini ule ulinifundisha kujiuliza swali moja kabla ya kidole kushuka: hapa nilipo, ni kitu gani ambacho hakitaningoja? Ukishakijua, tundu la lenzi, kasi ya shata (muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, kwa sehemu za sekunde) na ISO (wepesi wa kamera kuushika mwanga) vinajipanga vyenyewe nyuma yake. Usipokijua, hata kamera ya bei ya nyumba haitakusaidia.

Nianze na picha za watu, kwa sababu ndiko riziki za wengi wenu ziliko. Hapo kisichongoja ni uso. Mtu akishaketi mbele yako, ana dakika chache za kuwa yeye mwenyewe. Baada ya hapo tabasamu linaganda, shingo inakakamaa, anaanza kuuliza kama umemaliza. Nanyi wakati huo mmeinamia kamera mnatafuta vitufe! Panga kila kitu kabla hajaketi. Mkalishe mwenzako kwenye kiti hicho, pima mwanga, piga za majaribio, kisha ndipo umwite mwenye picha yake.

Mnaniuliza kila mara kuhusu taa. Anzeni na dirisha. Zimeni taa za ndani, kwa sababu mwanga wa balbu ni wa manjano na wa dirishani ni wa buluu, na uso uliopigwa na vyote viwili hausafishiki kwa programu yoyote. Mweke mtu ubavuni mwa dirisha, si mbele yake, umwambie ageuze uso kidogo kuufuata mwanga. Sasa mtazame machoni. Ukiona kidirisha kidogo cheupe kinang'aa juu ya mboni, umefika. Usipokiona, macho yatatoka mazito kama ya mgonjwa. Akiwa mbali, msogeze, wala usikimbilie kupandisha ISO: kwa taa ndogo, mtu akihama kutoka mita moja hadi mbili mwanga unaomfikia unabaki robo. Dirisha kubwa halishuki kwa ukali huo, ila tofauti utaiona. Upande wenye kiza, weka karatasi nyeupe ngumu au shuka jeupe lirudishe mwanga shavuni. Hiyo ndiyo studio yangu ya kwanza, na bado naitumia.

Fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali, iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Kwa lenzi ya milimita 85, ukiwa hatua mbili hivi kutoka kwa mtu na tundu likiwa f/1.8, sehemu iliyo wazi ni sentimita chache tu: jicho moja limekaa sawa, la pili limeshazama. Funga hadi f/2.8 au f/4. Hakuna atakayekudai ukungu. Wakiwa kundi la mistari miwili au mitatu, nenda f/5.6 au f/8, na fokasi iwe mstari wa mbele au wa kati, usiwe wa nyuma. Mwenye simu naye asimsogelee mtu hadi puani, maana lenzi pana ikiwa karibu huifanya pua kiazi. Rudi nyuma, tumia lenzi ya pili ya simu kama ipo. Na futa lenzi! Nusu ya picha za simu mlizoniletea zina utando wa mafuta ya vidole, kila taa imeota mikia.

Kuhusu ngozi nyeusi nitatulia kidogo. Kamera haijui inatazama nini. Inachukulia kwamba dunia nzima ni ya kijivu cha wastani, basi ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, yenyewe inauona ukuta, inapunguza mwanga, na uso unakuwa kaa lisilo na pua wala kovu. Pima mwanga usoni penyewe, au ongeza hatua moja, +1, yaani mwanga maradufu, uangalie tena. Tatizo hili lina historia. Kwa miongo mingi maabara za filamu za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Sisi tulitoka vivuli, tukaambiwa hatujui kupiga. Filamu za Kodak zilipokuja kuboreshwa upande wa rangi za hudhurungi, msukumo mmoja ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani pichani. Nyuso zetu zilinufaika kwa mgongo wa kabati.

Mkitaka kuona namna uso mweusi unavyostahili kupigwa, tafuteni kazi za Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako nchini Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Alitumia zaidi mwanga wa jua na kitambaa cha maua nyuma ya mtu, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alipiga mara moja tu. Mara moja! Muda alioutumia ulikuwa ule wa kumpanga mtu: mkono ukae wapi, kichwa kiinamie wapi.

Harusi sasa. Humo hakuna kinachongoja. Pete haivalishwi mara mbili. Nitawaambia kisa ambacho hata mke wangu alikisikia baada ya miaka. Nilikuwa kijana, nina kamera moja, nimepewa harusi ya watu wenye heshima zao. Nikapakia mkanda kwa haraka mlangoni. Nikapiga. Kihesabio kikafika 36, nikafurahi kwamba nimepata picha ya ziada. Kikaenda 37, 38. Kilipofika 40 mgongo wangu ukaingia baridi. Kwenye kamera zile, ukivuta wenzo kwenda picha inayofuata, kitufe cha kurudishia mkanda upande wa kushoto nacho huzunguka. Changu kilikuwa kimetulia tuli tangu asubuhi. Ncha ya filamu haikushika, mkanda haukusogea hata kidogo. Viapo, pete, mama wa bibi harusi akilia, vyote nilivipiga hewani. Nilikwenda kusema ukweli siku ileile, na mjomba wa bwana harusi aliniambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kwa hiyo nikiwaambia mchukue kamera mbili, kadi mbili na betri tatu, si uoga wa uzee. Kamera yenye nafasi mbili za kadi, iandike zote kwa pamoja. Piga RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaipika, kwa sababu gauni jeupe na suti nyeusi vikisimama bega kwa bega utahitaji kila chembe ya mwanga iliyomo kwenye faili. Gauni likijaza fremu, kamera italifanya la kijivu, hivyo ongeza kidogo, ila chunga darizi zisiungue kwa mwanga kupita kiasi, kwani cheupe kilichoungua hakirudi. Ukumbini kasi ya shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde watu wakitembea, na 1/200 wakicheza. Kwa kamera nyingi flashi haiendani na kasi iliyozidi 1/200 au 1/250, na ukizidisha bila kuiwekea utaratibu maalumu utaona utepe mweusi umekata picha. Elekeza flashi kwenye dari jeupe, usimpige mtu usoni kama polisi wa usiku. Tena fika mapema, uulize ratiba: nani anaingia wapi, nani ni bibi mzaa mama. Mpiga picha anayemjua bibi hatamkosa.

Michezoni kisichongoja ni mwili. Anzia 1/1000, ISO ipande inakotaka, kwani picha yenye chenga huuzika, yenye mguu uliofutika haiuziki. Weka fokasi ya kufuatilia, si ile ya kushika mara moja. Ila niwape siri: mpira hukimbia kuliko wewe. Usiufuate. Chagua eneo, subiri mchezaji aje, na baada ya bao endelea kumtazama mfungaji na golikipa, kwa sababu picha kubwa mara nyingi huja sekunde tatu baadaye. Chini ya paa, taa nyingi za umeme hupepesa mara 100 kwa sekunde, au 120 kwenye nchi za hezi 60. Ndiyo maana picha mbili zilizofuatana zinatoka rangi mbili. Kamera zenye kuzuia upepesaji, washeni kitu hicho.

Mandhari ni dunia nyingine. Mlima unangoja, mwanga haungoji. Fika nusu saa kabla ya jua, kamera juu ya tripodi (kiegemeo cha miguu mitatu), tundu f/8 au f/11, ISO 100, shata iwe ndefu itakavyo, ubonyeze kwa kipima sekunde ili mkono usiitikise. Mwaka 1838 Louis Daguerre, Mfaransa aliyekuwa mmoja wa waasisi wa upigaji picha, alipiga picha ya barabara ya Paris iliyokuwa imejaa watu na farasi. Barabara ikatoka tupu. Shata lilikaa wazi dakika kadhaa, waliokuwa wakitembea wakapotea wote, akabaki mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Mkiyaelewa haya mtajua kwa nini maji ya maporomoko huwa kama hariri kwa sekunde moja na huwa vipande vya kioo kwa 1/1000, na mtaamua wenyewe mnataka lipi. Binafsi hariri imenichosha.

Nyota nazo zinasogea, au tuseme sisi ndio tunazungushwa. Gawanya 500 kwa urefu wa lenzi: kwa milimita 24 unapata sekunde 20 hivi kabla nyota hazijawa michirizi. Kwa kamera za sasa zenye pikseli nyingi, mimi naishia 15.

Wadudu na maua kwa karibu: funga tundu, tafuta siku isiyo na upepo, basi. Ndege: 1/2000, lala chini ulingane na macho yake, na usiguse kiota kwa ajili ya picha. Bidhaa ndizo pekee zinazokungoja siku nzima, kwa hiyo huko hamna kisingizio. Vumbi moja juu ya chupa ni uvivu wako.

Wale mnaotaka habari na mtaani, hapo pazito zaidi. Kamera ya habari haina ruhusa ya kuremba. Unaweza kurekebisha mwanga, lakini kuondoa nguzo, kuongeza moshi au kumwambia mtu arudie kulia, hapana. Maelezo ya picha yaandikwe siku hiyohiyo: nani, wapi, lini. Vijana hupenda kumtaja Mohamed Amin, Mkenya aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia mwaka 1984, kwa ujasiri wake, na kweli alikuwa nao: mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Mimi humtaja kwa jambo jingine. Zile picha za njaa hazina madoido. Alikwenda, akasimama karibu, akaacha watu waonekane. Nanyi mkimpiga mtu katika siku yake mbaya, mshushe kamera kwanza mumsalimu panapowezekana. Akikataa, amekataa. Mtoto ana mzazi, muulizeni.

Nyumbani, kabla ya kula, mimina kadi kwenye kompyuta. Nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba yako. Usifute kadi mpaka umezihesabu picha kwenye nakala hizo. Na kila folda iwe na tarehe na jina, si "mpya", "mpya2", "mpya ya mwisho". Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutafuta picha ya marehemu baba yake niliyoipiga zamani. Nilivuta boksi la bahasha za negativu, nikasoma tarehe ubavuni, robo saa akawa ameishika mkononi dhidi ya dirisha. Ilikuwa negativu, weusi na weupe umegeuka, lakini alimtambua kwa namna alivyoshika kofia.

Picha zenu nilizochagua ni kumi na moja. Njooni mzichukue, mje na zilizochapishwa kwenye karatasi, za kwenye simu sizitazami tena, macho yamechoka. Mwenye swali la flashi aje na flashi yake, kwa sababu jambo hilo siwezi kuliandika, lazima nikuonyeshe.

Mzee wenu wa chumba cha giza