Mwenye kura nyingi ndiye aapishwe

Mhariri,

Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9, lakini aliyeingia Ikulu ya Marekani ni Trump. Mwaka 2000 Al Gore naye alimshinda George W. Bush kwa zaidi ya nusu milioni nchi nzima, akaangushwa na pengo la kura 537 katika jimbo la Florida! Huko rais hachaguliwi moja kwa moja na kura za wananchi, bali na wajumbe 538 wa majimbo na mji mkuu. Wyoming, yenye watu wasiofika laki sita, ina wajumbe 3. California, yenye milioni 39, ina 54.

Mama yangu mdogo ni raia huko California. Hujaza karatasi yake ya kura mezani jikoni, taratibu, miwani puani, kisha huipeleka posta mwenyewe. Kwa nini kura yake iwe nyepesi? Katiba yao irekebishwe.

Msomaji wako,
Tanga