Baba Mdogo, kila jina liandikwe na chanzo chake

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na wote nyumbani. Sisi huku hatujambo. Uliuliza wanachama wa chama cha historia za familia cha hapa hufanyaje kazi, nawe uanze kuandika ukoo wetu. Nakueleza yale wanayoyasisitiza zaidi.

Anza na wewe mwenyewe, urudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Ukianza na babu mashuhuri ukashuka naye kuja kwetu, hutakosa njia ya kufika hata kama si ya kweli, maana majina hufanana, na utajaza daftari kwa ukoo wa watu wengine.

Kila mtu mpe namba. Wewe ni 1, baba yako 2, mama yako 3. Baba wa mtu yeyote huwa na namba ya mtu huyo mara mbili. Mama yake, ongeza moja juu ya namba hiyo ya baba. Kwa hiyo babu mzaa mama ni 6, na mama wa babu huyo ni 13. Pengo huonekana mara moja. Wanawake waandike kwa majina waliyozaliwa nayo, la sivyo upande wao utapotea.

Sasa chanzo, na hapa ndipo wengi huharibu. Kila unaloandika, pembeni yake taja nani kasema, lini, naye alijuaje. Chukua cheti cha kifo. Tarehe ya kifo huaminika, kwa sababu iliandikwa tukio likiwa bado bichi. Lakini umri wa marehemu na majina ya wazazi wake yalitolewa na aliyekwenda kuandikisha, pengine mkwe au jirani ambaye hakuwahi kuwaona wazazi hao. Karatasi ni moja, ila uzito wa habari zake si mmoja. Vyanzo viwili vikipingana, viandike vyote viwili, usifute kimojawapo. Tena angalia kama cha pili hakikunakiliwa kutoka cha kwanza. Kikiwa kimenakiliwa, bado una shahidi mmoja tu.

Wazee ndio wa kwanza, makaratasi yatasubiri. Nenda na picha za zamani, picha hufungua kumbukumbu kuliko swali la “ulizaliwa mwaka gani?” Mzee akisema “baba”, uliza kama ni baba mzazi au ndugu yake. Mwaka asipoukumbuka, uliza lipi lilitangulia: ndoa, kuhama, au mtoto wa kwanza? Rekodi kwa simu akiridhia, na usizidishe saa moja, kwani akichoka huanza kuchanganya watu. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini. Wino wa kalamu huweza kupenya hadi mbele. Mwezi uandike kwa jina, maana 3/4 mwingine ataisoma Machi.

Weka pia daftari la utafutaji: rejista gani uliipekua, miaka ipi, jina kwa tahajia zipi, hata kama hukupata kitu. Bila hilo utarudia kazi ileile baada ya miezi michache. Habari za walio hai zibaki nyumbani, zisiende kwenye intaneti bila ridhaa yao.

Ukimaliza namba 1 hadi 7, nitumie picha za kurasa nizilinganishe na vyeti nilivyo navyo. Nisalimie Mama Mdogo na wadogo zangu wote.

Mwanao