Shangazi, kutokatwa si kukatiwa tamaa

Shikamoo shangazi.

Juzi kwenye simu ulisema neno moja kisha ukakata: "Wamekataa kunifanyia upasuaji, basi nimeshakwisha." Nimepiga tena mara nne, hukupokea. Ndiyo maana naandika, binti yako akusomee. Kupitia kwake umeniruhusu niiweke barua hii wazi bila jina lako, kwa kuwa najua wako wanawake wengine waliokaa nyumbani na barua ya rufaa kama yako chini ya godoro.

Nianze na hilo neno lako. Kizazi kina shingo, na ugonjwa wako, yaani saratani, umeanzia hapo kwenye shingo. Ungekuwa bado umebaki hapo tu, tena mdogo, usiozidi sentimita 4, daktari angefikiria kisu: angetoa kizazi chote pamoja na nyama za jirani na tezi za nyonga. Wako umeshatoka kwenye shingo ukaingia kwenye nyama laini zinazoishikilia kulia na kushoto, ila haujafika kwenye ukuta wa nyonga. Hiyo ndiyo steji, yaani hatua ya ugonjwa, ya 2B iliyoandikwa kwenye karatasi yako. Sasa hapo pembeni ndipo inapopita mirija ya mkojo inayotoka kwenye figo. Mbele kuna kibofu, nyuma kuna njia ya haja kubwa. Kisu hakina pa kuzungukia. Daktari akikata, kuna hatari kubwa ya kubakiza ugonjwa pembeni, na itabidi upelekwe kwenye mionzi vilevile, safari hii ukiwa na kidonda kibichi na mwili uliochoka. Mionzi inafika pale ambapo kisu hakifiki, kwa hiyo wanaanza nayo moja kwa moja. Na wanaitoa kwa nia ya kukuponya. Daktari yule aliyekuona alikuwa na foleni ndefu na hakukueleza hivyo. Alisema tu "hii haikatwi", akaandika rufaa, akaita mwingine. Hapo ndipo ulipokatishwa tamaa, na naumia kwamba sikuwepo.

Ulilalamika pia kuhusu kile kipimo cha vidole, mbele na nyuma, ukasema umedhalilishwa na kijana wa umri wa mwanao. Pole sana, shangazi. Lakini ndicho kipimo kilichokupa steji. Kwa vidole vile daktari alikuwa anapapasa zile nyama za pembeni, kujua kama bado ni laini au zimekuwa ngumu, na kama ugumu umegusa ukuta wa nyonga. Kwa miaka mingi sana saratani hii imepangiwa steji kwa mikono ya daktari, kwa sababu wengi wanaougua wako kwenye nchi ambazo mashine kubwa za picha ni chache. Ni mwaka 2018 tu ndipo shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake liliporuhusu picha na majibu ya maabara yatumike pia kuipanga. Na mpango wenyewe wa steji ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920, madaktari wa miji mbalimbali ya Ulaya walipotaka kulinganisha matokeo ya wagonjwa waliowatibu kwa radiamu. Radiamu ni mionzi, shangazi. Saratani ya shingo ya kizazi ni miongoni mwa za kwanza kabisa kutibiwa kwa mionzi. Hawakupeleki kwenye makombo ya tiba.

Steji zenyewe ziko nne. Ya kwanza ugonjwa haujatoka kwenye shingo. Ya pili umetoka kidogo, kama wako. Ya tatu umefika ukuta wa nyonga, au sehemu ya chini ya uke, au umebana mirija hadi figo zikavimba, au umeingia kwenye tezi. Ya nne umeingia kibofu au njia ya haja kubwa, au umesafiri mbali hadi kwenye mapafu, ini au mifupa. Ndiyo maana walikupiga ultrasaundi ya figo wakati wewe unaumwa kizazi.

Binti yako alituma picha ya majibu ya kinyama walichokukata kupima kwenye kundi la ukoo na watu wakaanza kulia wakidhani ni steji ya tatu, kwa sababu ya ile namba 3. Ile ni gredi. Gredi inaeleza sura ya chembe zikitazamwa kwa hadubini, zimeharibika kiasi gani. Steji inaeleza ugonjwa umefika wapi mwilini. Matibabu yako yanapangwa kwa steji, na steji yako ni ya pili. Tena kile kinyama walichochukua hakikuusambaza ugonjwa, kama jirani yako anavyodai. Bila kinyama hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama ni saratani, na hakuna atakayekuwasha mionzi kwa kubahatisha.

Katika nchi zenye huduma kamili, zaidi ya nusu ya wanawake wa steji ya pili wako hai miaka 5 baadaye. Sikufichi kwamba wapo ambao haikuwa hivyo. Nakuomba tu ujue kwamba huo mlango uko wazi, na kila wiki unayokaa nyumbani unasukumwa kidogo kufungwa.

Sasa nikueleze utakachokutana nacho, kama nilivyokiona kwa wifi yako, mama yangu, mwaka 2019, maana yeye alikuwa na 2B kama wewe.

Utakwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, lile jengo la Wajerumani karibu na bahari. Kwanza watakulaza kwenye mashine wakupime, wakuchore alama kwenye ngozi. Usizisugue wakati wa kuoga, ndizo zinazoelekeza mionzi ipige palepale kila siku. Halafu inaanza mionzi ya nje: Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kawaida wiki 5, kama mara 25. Unalala peke yako chumbani dakika chache, huhisi kitu, hakuna moto wala sindano. Mama siku ya kwanza alitoka akaniuliza, "Wameshaanza?" Mara nyingi watakuambia unywe maji na usiende haja ndogo kabla ya kuingia, kwa kuwa kibofu kikijaa kinasukuma utumbo pembeni, usipigwe.

Mara moja kwa wiki utatundikiwa dripu ya sisplatini. Ni dawa ya kemo, ila kwa kiwango hiki kazi yake kubwa ni kuzilainisha zile chembe ili mionzi iziue vizuri. Nywele kwa kawaida hazinyonyoki zote kama unavyoona kwa wengine. Kichefuchefu kipo, na inasumbua figo, ndiyo sababu utapewa chupa nyingi za maji na kupimwa damu kila mara. Na hapa nakuomba kwa heshima zote: ile mizizi uliyoletewa, iache. Figo zako zitakuwa na kazi ya kuchuja sisplatini, usizipe na kitu ambacho hakuna anayejua kimo nini. Kama umeshakunywa, mwambie daktari, hatakugombeza.

Wiki ya tatu hivi utaanza kuharisha na kuchoka, uchovu ambao kulala hakuumalizi. Mkojo utawasha. Ngozi ya mapajani inaweza kuungua. Vyote hivyo vina dawa, usivumilie kimya. Damu unayotokwa sasa mara nyingi huwa ya kwanza kukatika, na mama alilia siku alipoona kanga kavu.

Mwishoni inakuja mionzi ya ndani. Hii ndiyo watu wanayoiogopa na kuikimbia, na bila hii ile ya nje haitoshi. Wanakupa dawa ya maumivu au usingizi, wanapitisha vifaa vyembamba hadi kwenye shingo ya kizazi, mionzi inaingia kwa dakika kadhaa kisha inarudi kwenye mashine yake. Kwa kawaida ni mara 3 hadi 5. Hubaki na mionzi mwilini, wajukuu utawapakata jioni ileile.

Vyote kwa pamoja vinatakiwa viishe ndani ya wiki 8. Shangazi, hili nimelibeba muda mrefu. Baba mkubwa alipofariki, mama alikuwa wiki ya nne, nasi tukamzuia asiende kumzika. Ukoo ulituona hatuna utu, na wewe hukunisemesha hadi sikukuu. Alikuwa kaka yako, nakuelewa. Lakini nilikuwa nimeambiwa kwamba kila siku inayozidi zile wiki 8 inaipa saratani nafasi ya kuota upya, na sikuwa na maneno ya kukueleza katikati ya msiba. Leo nakueleza. Na tukipata msiba wewe ukiwa kwenye mionzi, nitakuzuia pia.

Kuna jingine gumu kulisema kwa sababu wewe ndiye uliyenifunda. Wanasema kijijini ugonjwa huu ni wa wanawake waliotangatanga. Unaletwa na kirusi cha HPV, ambacho watu wengi waliowahi kukutana kimwili hukipata wakati fulani, wengi kikajiondokea chenyewe. Kwa wachache hukaa kimya, na tangu kuingia hadi kuwa saratani mara nyingi hupita miaka 15 hadi 20. Mume mmoja tu anatosha kukileta, wala naye huenda hakujua. Usibebe aibu isiyo yako. Na baada ya tiba uke unaweza kubana na kukauka. Muulize nesi, wana namna ya kukuelekeza. Ukiona haya kumuuliza, nitamuuliza mimi ukiwa umekaa pembeni.

Binti zako wote wawili wameshapita miaka 30, waende kituo cha afya wapakwe siki waangaliwe shingo ya kizazi, haichukui muda na majibu wanapewa palepale. Yule mjukuu wa miaka 11 apate chanjo ya HPV, Tanzania inaitoa tangu 2018 na wakija nayo shuleni asifichwe nyumbani.

Nimekukatia tiketi ya basi la Jumapili alfajiri kutoka Singida, binti yako anayo kwenye simu. Beba barua ya rufaa, majibu ya kinyama na ile picha ya ultrasaundi, vyote kwenye mfuko mmoja usiokunjwa. Beba kanga laini za zamani, zile mpya zitakuchubua. Njoo na wale vijana wawili wa kaka, maana damu yako ilikuwa 8, na mionzi haifanyi kazi vizuri kwa mtu aliyepungukiwa damu, kwa hiyo huenda ukaongezewa na watatakiwa wachangiaji. Mama ameshatandika kitanda cha chumba chake, anasema mtalala pamoja kama zamani, na amenunua dagaa wale unaowapenda. Mimi nitakuwa stendi ya Mbezi kuanzia saa kumi na moja jioni, upande wanaposhukia watu wa Singida.