Barua kwa mwanangu: nimepanda Kawetere nikiwa nimeketi

Mbeya, Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Salamu zako nilizipata, na ile baiskeli ya umeme uliyonitumia imefika salama. Wiki nzima umekuwa ukiniuliza kwenye simu, "Mama, umeshaipanda?", nami nakuzungusha. Sikutaka kukujibu nikiwa nimezunguka nayo uani tu. Nilitaka kwanza niifikishe kule unakokujua. Jana nimeifikisha.

Nilinung'unika sana ilivyochelewa. Fundi alipoitoa betri kwenye boksi ndipo nikaelewa. Imeandikwa wati-saa 500, na ndege za abiria mwisho wao ni 160, hivyo ikaja kwa meli hadi Dar, halafu lori mpaka huku. Fundi ni yule yule wa Mwanjelwa. Alikaza usukani, akafunga pedeli, akajaza upepo, kisha akainyanyua na kuishusha haraka. Kilo 23! Baiskeli ya kawaida ya mlimani haifiki hapo.

Baba yako, Mungu amrehemu, unaikumbuka baiskeli yake nyeusi ya Phoenix? Alipokuwa akifanya kazi ya miti kule juu kwenye msitu wa Kawetere, alfajiri aliisukuma kwa mkono kilima chote cha barabara ya Chunya, na jioni akashuka nayo bila kukanyaga. Kwa miaka yote ile sikumwona mtu anakipanda kilima kile ameketi kwenye kiti cha baiskeli. Hata vijana wenye mapaja walishuka wakasukuma. Ndiyo maana nilikuwa nakiwazia kilima hiki moyoni tangu uliponiambia unanitumia baiskeli ya umeme.

Nilivaa suruali yake ya kazini, nikakunja pindo la kulia lisiliwe na cheni, nikavaa helmeti uliyoweka. Saa moja asubuhi, baridi inauma masikio. Mkanyago wa kwanza ulinishtua, maana ilitoka kabla sijajiandaa. Mkanyago wa tatu nikaielewa. Umeona vijana wanavyokuja nyuma ya mkokoteni wa viazi uliolemea kilimani? Mvutaji bado anavuta, jasho bado linamtoka, ila mzigo unakubali. Ndivyo ilivyo. Mota imekaa pale katikati, kwenye pedeli, na ndani kuna kitu kinachopima nguvu ya mguu wako. Ukikanyaga kidogo inaongeza kidogo, ukikaza nayo inakaza, ukiacha nayo inaacha. Watu wananiambia nimenunuliwa pikipiki. Nimewakatalia kabisa. Pikipiki inakubeba, hii inakusindikiza, na nilipofika juu fulana ilikuwa imelowa mgongoni.

Goti la kulia, mwanangu, hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Halikulalamika. Mlima ulipokaza niliweka gia nyepesi, miguu ikazunguka haraka haraka bila kusukuma kwa nguvu, nami nikawa napumua kwa kina lakini naweza kusalimia. Nilisalimia watu wengi. Akina mama waliokuwa wanashuka na kuni walisimama pembeni. Mmoja akaniuliza, "Mama, hiyo mafuta unaweka wapi?" Nikasimama nikamwonyesha betri, nikamwambia kuijaza kutoka sifuri ni kama nusu uniti ya umeme wa LUKU na kidogo juu yake. Alinyamaza anapiga hesabu. Nilipoondoka bado alikuwa ameishikilia ile hesabu usoni.

Kosa nililofanya ni kwenye kona kali. Nilichelewa kubadili gia, nikaibadili huku nimekaza miguu na mota nayo inavuta, cheni ikalia mlio ambao sikuupenda. Ukumbuke siku ukiipanda: badili kabla kilima hakijaanza, na ulegeze mguu kidogo. Mota ina nguvu kuliko goti langu, na cheni inabeba nguvu zetu zote mbili.

Juu niliacha lami nikaingia njia ya vumbi kwenye mipaina. Hapo nilikaa karibu saa nzima, na ningeweza kukaa siku nzima. Tairi ni pana, nilizipunguza upepo kidogo kama fundi alivyonielekeza, na shokapu za mbele zinameza mizizi ya miti kabla haijafika mabegani. Harufu ya utomvu, ukungu unapita kati ya miti, na mota inanguruma chini chini kama cherehani ya jirani. Nilipoizima nilisikia ndege tu. Nilisimama pale ambapo baba yako alizoea kuegesha Phoenix, au karibu na pale, maana miti ya wakati wake imeshavunwa. Sikulia. Nilimweleza kwa sauti jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu angetaka kujua.

Betri ilikuwa imebaki asilimia 61.

Kushuka ni habari nyingine. Ukivuka kilomita 25 kwa saa mota inajitoa, ndivyo walivyoitengeneza kufuata sheria za huko Ulaya, na unabaki na uzito mtupu unaokimbilia Mbeya mjini. Breki za diski zinashika vizuri mno. Kwenye changarawe nilibana ya mbele peke yake, gurudumu likateleza, nikajiokoa kwa mguu. Tangu hapo nikawa nabana zote mbili, taratibu, mwili nimeurudisha nyuma. Nilifika nyumbani viganja vimechoka kuliko miguu.

Betri nailaza chumbani kwangu. Baridi hii ya Juni inaipunguzia nguvu, na nikitoka shambani naiacha ipate joto la ndani kwanza ndipo naichomeka. Kijana wa kuosha magari alitaka kuipiga na ile mashine ya maji ya nguvu, nikamzuia. Naifuta kwa kitambaa chenye unyevu, cheni naipaka mafuta.

Naomba vitu viwili utakapokuja Desemba. Brekipedi za mbele na nyuma, soma namba iliyo kwenye zilizopo, nitakupigia picha. Na karia ya nyuma inayoingia kwenye fremu hii, maana sasa sina pa kuweka kikapu. Jumamosi nikijaliwa nitapita Kawetere niendelee mpaka pale barabara inapofunguka na bonde la Usangu lote linaonekana chini. Baba yako alinipeleka mara moja, nikiwa nimekaa kwenye karia, na mimba yako ya miezi mitatu.

Mama yako