Filamu zetu ziko kwenye kabati za watu

Lubumbashi

Ndugu yangu,

Jambo sana. Huku Kenya, komini yetu ya Lubumbashi, tuko, joto inatumaliza, mama nilimuona sokoni yuko salama anakusalimia.

Nakuandikia juu ya zile filamu za enzi ya Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, zenye ulinionyesha, zenye ziko huko Brussels. Nilizifungua mpaka mega zikaisha. Kile kipande cha wafanyakazi wanatoka kazini nimekirudilia sana, kuna baba mmoja ameshika gamela ya chakula, anageuka anaangalia kamera, na juu ya uso wake wameandika jina la archive, ile nyumba inayotunza filamu, kwa herufi nyeupe kubwa, lakini jina lake yeye hakuna popote. Inaniumiza kwa kweli.

Kuangalia tu haitoshi ndugu. Nataka kukata, kuchanganya na sauti za leo, kuziweka kwenye teatre yetu. Niliandikia taasisi moja wakanijibu malipo ni kwa sekunde, tena kwa euro, sasa kijana wa hapa atazitoa wapi?

Na kuzifungua kwa watu inawezekana kabisa. Uholanzi, Beeld en Geluid, archive yao ya sauti na picha, walianzisha tovuti ya Open Beelden 2009, wakaweka filamu za zamani za habari za Polygoon, unapakua, unakata unavyotaka, hata kuuza, wanaomba tu utaje zimetoka wapi na kazi yako uiache wazi hivyo hivyo kwa wengine. Na angalia Sammy Baloji, mpiga picha wetu, kwenye kazi yake Mémoire, 2006, alitoa watu kwenye picha za zamani akawasimamisha mbele ya magofu ya leo ya Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, yaani wale wazee wanatuangalia sisi!

Sauti ndiyo naogopa kidogo. Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco hapa tu Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na leo rekodi za Tracey zinatunzwa Afrika Kusini, Makhanda, kwa ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika. Hizo nazo zifunguliwe, ila mwanamuziki mwenye jina ana familia, waulizwe kwanza na wapate chao. Filamu ya kampuni ni kitu kingine, pale waliolipwa walishalipwa zamani.

Basi ukipita pale archive, waulize haki za ile filamu ni za nani, na kama watatupa faili safi bila maandishi. Sisi tutawapa majina, kuna wazee huku kwenye kambi ya wafanyakazi wako tayari kukaa waangalie sura moja moja. Nijibu kwa WhatsApp, hata sauti tu.

Aksanti sana.